Msamaha wa Ushuru

Kwenye basi la Pongwe, Hakimuddin mwenye duka, aliyeketi mbele yangu, alimgeukia Mzee Mwinyijuma, mwenye mashine ya kusaga, aliyekumbatia debe la dizeli. "Mzee, kile kiwanda cha mkonge kimesamehewa ushuru wa mafuta. Sasa kimeweka na kinu, kinasaga mahindi ya watu kwa bei ya kutupa, na wateja wako wanahamia huko. Andika barua, nawe usamehewe."

"Nimemkosea nani?"

"Hukumkosea mtu. Ni lugha ya serikali tu."

"Basi msamaha waombe hao waliokosa. Mimi ushuru nalipa, na mashine yangu inanguruma."

Inamngurumia nani, sikuthubutu kuuliza. Basi liliposimama, utingo akasema nauli ya debe amemsamehe. Mzee alimnyooshea senti zake, akamkazia macho mpaka akazipokea.