Cornel Anaitwa Ufaransa

Pale Ushirombo, njia ya Runzewe inapokutana na njia ya misheni, palikuwa na benchi la mninga mbele ya kibanda changu cha cherehani. Mimi ni Ignas, fundi nguo, na kwa kuwa nilifika darasa la sita, nilikuwa pia msomaji wa barua za watu. Mwaka ule wa 1958, mwezi wa nane, malori ya pamba yalipita mchana kutwa, na nyuzi nyeupe zilielea hewani hata zikatua ndani ya vikombe vya kahawa. Mwuza kahawa alikuwa Mwanaima, mwanamke wa Tabora, mwenye ulimi mwepesi. Wateja wake wa kila siku walikuwa wawili. Donatus tulimwita Keya kwa sababu alipigana Burma akiwa katika Keya, jeshi la Waingereza, na Kalisti tulimwita Reli kwa sababu aliwahi kufanya kazi relini Shinyanga. Siku hiyo Nyamizi, dada yake Reli, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu. Barua aliifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimemsomea mara mbili, na wote tulikuwa tumeisikia.

Ilitoka kwa mwanawe, Cornel. Miaka kumi nyuma, Bruda mmoja wa Kanada alisimamisha nguzo nyuma ya kanisa, akapigilia juu yake pete ya pipa, vijana wacheze mpira wa kikapu. Cornel, aliyekuwa mrefu kuliko mlango wa kwao, akawa harudi nyumbani mpaka aitwe. Bruda ndiye aliyemtafutia chuo huko Kanada. Mwaka wa kwanza aliandika kwamba wenzake wanacheza, yeye anakaa pembeni na koti, vidole vimepasuka kwa baridi. Mwaka wa pili mwenzake mmoja aliteguka mguu, Cornel akaingizwa, na tangu hapo hakutolewa tena. Mwaka wa nne ndiye aliyekuwa nahodha. Katika mechi ya mwisho alipewa nafasi ya kurusha bila mtu kumzuia, akakosa, chuo kikashindwa. Aliandika kwamba alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili wenzake wasimsikie. Barua ile Nyamizi aliniomba niirudie polepole.

Sasa hii mpya ilisema: “Mama, chuo nimemaliza. Kuna timu Ufaransa inanitaka. Kucheza ndiyo itakuwa kazi yangu, nitalipwa mshahara. Na hapo nyumbani nafasi ya ualimu ipo. Nimewaomba wote wanisubiri mpaka nipate neno lako. Ukisema rudi, narudi.”

— Arudi, alisema Reli. Mimi ni mjomba wake, nimeshasema. Mtu mzima hawezi kuajiriwa kucheza.

— Wewe Reli huijui dunia, alisema Keya. Burma niliwaona Wamarekani kwa macho yangu. Walifunga pipa la mafuta juu ya mti, wakarushia mpira tangu asubuhi. Afisa wao amekaa anatazama, anaandika kwenye daftari. Unadhani alikuwa anaandika nini?

— Majina ya wavivu.

— Vyeo! Anayepatia anapanda cheo.

Mwanaima alimimina kahawa, akamkabidhi kila mtu kikombe chake.

— Mimi swali langu ni hicho kikapu, alisema. Bruda alisema huko Ulaya wanafunga wavu chini ya pete, kama kikapu, lakini hakina kitako. Sasa kikapu kisicho na kitako kinabeba nini?

— Hakibebi, nilimjibu. Mpira unapita tu.

— Unapita kwenda wapi?

— Chini.

— Halafu?

— Wanaurudisha juu.

— Na watu wanaacha mashamba yao kwenda kutazama hilo?

— Hawana mashamba, alisema Keya. Wamekaa ndani ya nyumba moja kubwa. Nyumba yenyewe, ukiingiza ng'ombe wote wa Didia na wa Ushirombo, nafasi inabaki. Nje theluji inaanguka. Ndani watu maelfu, wamekaa kimya, wanamsubiri huyo mtoto wa Nyamizi aruke.

Nilisimamisha mguu kwenye cherehani. Nadhani sote tuliiona hiyo nyumba. Lori lilipita, pamba ikaelea juu yetu taratibu, na hakuna aliyeinua mkono kuipangusa.

— Watamharibu, alisema Reli, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Mtu akizoea kuruka namna hiyo, akirudi hapa atashika jembe?

— Ndiyo hapo, alisema Keya, akasogea mbele. Mtu anayeruka kila siku, damu yake inakuwa nyepesi. Ardhi inaanza kumsahau. Niliambiwa wengine wakilala wanafungwa vyuma miguuni, wasije wakaondoka na shuka.

— Uongo, Keya!

— Basi kaa na reli yako.

— Haya, alisema Mwanaima. Tuseme ni kweli. Atakwenda Ufaransa kwa meli, si ndiyo? Na atataka kufanya mazoezi. Akiruka juu wakati meli inakwenda, si itamwacha? Atatua majini.

Reli aliweka kikombe chini, kwa kuwa sasa mambo yamefika kwenye fani yake.

— Yaya, hapana! Hatui majini. Mimi nimeruka ndani ya behewa kutoka Shinyanga mpaka Malampaka. Unatua palepale.

— Behewa lina paa, alisema Keya. Paa ndilo linalokusukuma. Juu ya meli hakuna paa.

— Paa linasukuma nini, wewe?

Walibishana hivyo mpaka kahawa ikapoa. Nyamizi alikuwa akilifungua pindo la kanga na kulifunga tena. Nilijua linalomkaa moyoni. Mume wake alikufa Cornel akiwa bado ananyonya, na mtoto mwingine hakuna. Miaka minne amelima peke yake akisema, amalize tu chuo.

Ndipo lori la kutoka Geita liliposimama, akashuka mtu mmoja amebeba shuka na sufuria, vumbi jekundu limemkaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mchimba dhahabu anayerudi kwao.

— Mwadila, wakubwa. Shikamoo mama.

— Marahaba, alisema Nyamizi, akampisha nafasi.

Alisema anaitwa Mageni. Alipokea kahawa, akasikiliza. Keya alimweleza habari yote upya, safari hii nyumba ya Ufaransa ikiwa kubwa zaidi. Mageni alisikiliza vizuri, kama mtu aliyekaa sana chini ya ardhi na sasa anapenda kusikia habari za juu. Alipomaliza kikombe akauliza, bila nia mbaya:

— Na anachezaje? Nani kati yenu amewahi kumwona?

Keya alitazama njia. Mwanaima alifuta birika ambalo tayari lilikuwa safi. Mimi nilitafuta sindano.

Ukweli ni kwamba nguzo ile haikuwa mbali. Unazunguka kanisa tu. Lakini Jumapili tulikwenda kutazama kandanda, mchezo wa wanaume, na ule wa pete ya pipa tuliucheka tu.

— Mimi ni mjomba wake, alisema Reli. Akaishia hapo.

— Mimi nilimwona, alisema Nyamizi.

Tuligeuka wote.

— Mara moja. Nilikuwa napeleka maziwa misheni. Alikuwa peke yake, wenzake wameondoka. Nikasimama nyuma ya uzio. Alikimbia, akaruka, akachelewa kushuka.

— Akachelewaje? aliuliza Keya, kwa upole.

— Alichelewa, baba. Sijui nikwambieje. Nilitaka kumwita akatafute kuni, na jina lake lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. Nikaenda kutafuta kuni mwenyewe.

Aliifungua barua, akainyoosha juu ya paja.

— Andika, fundi. Mwambie mama yake hajambo. Mwambie mvua ilikuwa nzuri. Mwambie acheze.

— Dada, alisema Reli. Na kurudi?

— Hilo ataandika yeye, kaka.

Niliandika pale pale juu ya meza ya cherehani. Barua iliondoka na lori la kesho yake. Cornel alivuka kwenda Ufaransa kabla ya mwaka kwisha, akacheza huko kwa mshahara kama alivyosema, na barua zake zikaanza kufika na stempu nyingine. Nyamizi alilima peke yake misimu mingine, na sikumsikia akijuta, ingawa siku za barua kuchelewa alikuja kukaa kwenye kigoda kile.

Lakini jioni hiyo lori la Mageni lilipiga honi, naye akapanda. Mwanaima akaliinamisha birika, halikutoa hata tone. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu hushika njia yake. Hakuna aliyeinuka. Reli alihamia mwisho wa benchi, karibu kabisa na kigoda cha dada yake.

— Hebu nieleze tena, dada, alisema. Alikimbia akitokea upande gani?