Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Devotha

Mimi ni Zebedayo, mdogo wake marehemu, na kabla sijasoma tarehe za maisha yake nakiri kwamba lipo jambo nimeshindwa kulielewa, kwa nini dada yangu, aliyekwenda zahanati mara tano na kadi ya kifaa cha moyo ikiwa ndani ya mkoba wake, hakuitoa hata mara moja, na kwa nini hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu Devotha Ebenezer alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, Ilembula, Njombe, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1961, akapata mafunzo ya ualimu Iringa, na Januari 1973 akapangiwa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, ambako wenzake waliomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha, yeye akakaa miaka thelathini. Mwaka 1978 alifunga ndoa na Wilbrod, bwana misitu, aliyetutoka mwaka 1994, na walijaliwa mtoto mmoja, Marsela, ambaye tuko naye hapa.

Mwaka 2000 alianza kuanguka darasani, moyo ukisita kupiga, na tarehe 12 Machi 2001, katika hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam, aliwekewa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, kifaa cha kuongoza mapigo, chenye waya unaopita ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Kwamba mshipa huo unaweza kuzibwa na damu iliyoganda, hakuambiwa.

Agosti mwaka huo huo mkono wa kushoto ukavimba. Mbwera karibu kila nyumba ina mtu mwenye matende, basi zahanati wakaandika matende, wakampa vidonge, na rafiki yake, Mwalimu Mwanasiti, akamtania, "Haya shoga, sasa umekuwa Mrufiji kamili, bado ngoma tu," naye akacheka, akaendelea kumeza. Sisemi walikuwa watu wabaya. Nasema mara tano waliupima mkono, na hakuna aliyemwomba afungue vifungo viwili vya blauzi. Machi 2002 alirudi Dar es Salaam, wakakipima kifaa, wakakisifu kwamba kinafanya kazi, na kuhusu mkono wakamjibu, "Hayo mama ni matende ya huko kwenu." Mimi mwenyewe niliuona Krismasi, nikaamini, na hilo linanichoma.

Januari mwaka huu uso ulivimba, pumzi zikawa fupi, akatolewa kwa boti hadi Nyamisati, akapitishwa Kibiti, akafikishwa hospitali nyingine Dar es Salaam, ambako daktari aliutazama mkono pamoja na kifua, akatueleza kwamba mshipa wenye waya ulikuwa umeziba siku nyingi, na dawa za mapema zingeweza kumsaidia. Alifariki tarehe 6 Februari 2003, saa tatu asubuhi, donge la damu likiwa limefika mapafuni.

Tunamshukuru daktari huyo kwa kutuambia ukweli, wenye boti, walimu wenzake, na nyinyi majirani mliolala nasi msibani. Dada, umechoka, pumzika sasa kwa amani.

Kikao cha familia jana kiliamua kwamba gauni lake la kuzikiwa likatwe upande wa kushoto, bega libaki wazi, ili kila atakayepita kutoa heshima za mwisho, mganga wa zahanati akiwemo, auone mkono na kovu la kifaa kwa pamoja. Mwalimu Mwanasiti aliomba mkasi, akalikata mwenyewe.