Jackton Wasike na Damu ya Ofisi Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Jackton Wasike anastaafu tarehe 30 Juni na kurudi kwao Kimilili. Kitengo chetu cha Ukaguzi wa Mito, hapa Nyeri, kinampoteza mkaguzi ambaye gambuti zake za kuingilia mtoni zinang'aa hadi leo kama zilivyotoka dukani.

Alianzia Mweiga, kisha akapanda cheo kila ilipotungwa sheria mpya. Sheria ya maji ilipomtaka achukue hatua, alitaja viwango vya mazingira. Viwango vya mazingira vilipomtaka, alitaja afya ya kaunti. Kazi hiyo aliiita kuratibu, na hapa ofisini neno hilo sasa lina maana moja tu: mpelekee mwingine.

Kilele chake kilikuwa kichinjio kimoja cha Chaka. Bwana Wasike aliamua kwamba damu ikiwa ndani ya bomba ni ya watu wa mazingira, ikiingia kijitoni ni ya watu wa maji, na ile inayotiririka kwenye nyasi za katikati ni ya afya ya kaunti. Wakubwa walimpigia makofi. Wahenga walionya kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Yeye alidhani ni maagizo.

Mama Wangechi, anayechota maji kijitoni chini ya bomba hilo, hakupiga makofi. Mtoto wake amelazwa mara mbili kwa homa ya matumbo. Alikuja ofisini akauliza, "Sasa hii maji itapitia ofisi ngapi ndio ikuwe safi?" Bwana Wasike alimkaribisha chai, kisha akamwelekeza orofa ya pili. Nilikuwepo, na hasira ya siku ile haijanitoka.

Tusimdhulumu lakini. Sauti yake ya besi imezipamba sherehe zetu zote, na walinzi wa lango hawakuwahi kukosa mandazi yake. Ila hakuna sheria hata moja kati ya hizo tatu inayosema isubiri nyingine. Damu ile inazivunja zote, na yoyote ingetosha kufunga lango la kichinjio.

Kuanzia Julai kiti chake nitakikalia mimi. Asante kwa mandazi na nyimbo, Bwana Wasike. Tunakutakia mapumziko mema na maji safi huko Kimilili. Mwenye kichinjio akikupigia simu, usipokee. Kufuli nimeshanunua.

Emmah Apondi, kwa niaba ya wenzako