Aliyeahidiwa Nyota

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na asubuhi ile lilikuwa limejaa. Kila mtu na kikombe chake cha kahawa, kila mtu na maoni yake juu ya marehemu. Bibi wa nyumba ya kona alikutwa jana uani kwake, chini ya ngazi za jikoni, amevunjika shingo, na nyota yenye mkia ilikuwa wiki ya pili inang'aa juu ya mapaa kila alfajiri. Unadhani waungwana hawa wangeshindwa kuyaunganisha mambo hayo mawili? Thubutu! Pembeni kabisa alikaa Fundi Saa, jirani wa bibi ukuta kwa ukuta. Yeye na rafiki yake Mwalimu wa hesabu ndio wenye darubini mjini, kila mmoja yake uani kwake, na ndio waliokuwa wakiipiga picha nyota hiyo. Fundi Saa alijua bibi alikufaje, na roho ilimsuta.

— Nawaambieni ni nyota, alisema Redio, dereva mstaafu ambaye tangu aache usukani hajapata kunyamaza. — Ule mkia unavuta damu. Ukiwa na presha, umekwisha!

— Presha wapi? Ni gesi, akadakia Daktari. Daktari huyu alikuwa mlinzi wa getini hospitalini miaka ishirini, cheo kajipa mwenyewe. — Inashuka alfajiri watu wamelala. Mzee akivuta mara mbili tu, kwaheri.

— Mbona wewe hujafa?

— Mimi nalala na blanketi usoni.

Kinyozi akachomoza kichwa mlangoni, mkasi mkononi.

— Hamjui kitu ninyi. Nyota ile imekuja na orodha, inachagua! Taa ya uani kwa bibi haijazimwa tangu mumewe afe. Mbona alfajiri hiyo hiyo ilikuwa giza? Nyota imeimeza taa, kisha ikammeza mwenye taa.

— Lo! wakaguna wote.

Fundi Saa akaviangalia viatu vyake. Taa aliizima bibi mwenyewe, kwa kuwa yeye alimwomba. Mwanga wake ulikuwa unamharibia picha. "Izime tu, mama yangu. Saa kumi na moja nitakuja nikushike mkono, nikulete uione." Bibi alicheka kwa furaha, akamwita mwanangu. Saa kumi na moja ikafika, mkia ukafunguka vizuri ajabu, na Mwalimu akapiga simu kutoka kwake: usiguse kitu, acha kamera iendelee! Picha moja nusu dakika, nyingine nusu dakika. Darubini ikitikisika tu, zote zimeharibika, na bibi asingeweza kuchungulia bila kamera kung'olewa. Akasema moyoni, bado kidogo. Hakwenda. Kulipokucha akasikia mayowe.

— Fundi, hebu toa ile picha, alisema Redio.

Simu ikapita mkono hadi mkono. Picha ilikuwa safi, mkia umenyooka, hakuna hata doa la mwanga mwingine.

— Kila siku unatwambia nyota iko mbali, haina habari na sisi. Leo mbona umeufyata? Ndiyo iliyomuua au siyo?

Walingoja awacheke, kama kawaida yake.

— Huenda, alisema Fundi Saa.

Daktari akajipiga paja.

— Mmesikia? Mwenye darubini kasema mwenyewe!

Fundi Saa alijichukia. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona nafuu.

Hapo akatokea mwanamke mwenye begi begani, macho mekundu. Alikuwa binti wa marehemu, ndiyo kwanza ashuke basi. Wakasimama wote kumpa pole.

— Tumeshapoa, baba zangu. Samahani, nina swali moja tu. Mama amekutwa amevaa gauni aliloshonewa kwa harusi yangu na viatu vya kutokea, na kajipaka poda. Mama yangu, ambaye gizani hatoki hata mlangoni. Alikuwa anakwenda wapi?

Daktari akainamia kikombe chake. Kinyozi akakumbuka kuwa ana mteja ndani. Gesi haimvishi mtu viatu, hata wao waliliona hilo.

— Hakuna anayejua?

— Kwangu, alisema Fundi Saa.

Binti akamgeukia.

— Alikuwa anakuja kwangu. Nilimwahidi kumwonyesha nyota. Nikamwambia azime taa anisubiri, nitakuja kumchukua. Sikwenda, mwanangu. Nilikuwa napiga picha.

Mwanamke akashusha begi, akalishikilia kwa mikono miwili.

— Basi pale alipotoka... aliiona? Hata kidogo?

Angeweza kusema ndiyo. Benchi zima lingemsaidia kuapa, na Redio alikwisha kuanza kutikisa kichwa kukubali.

— Hapana, mwanangu, alisema Fundi Saa. — Kutoka uani kwenu haionekani. Paa langu linaizuia.