Nyayo za Kiboko

Vyungu vya Marita, mfinyanzi wa kijijini kwetu, vilijaza mtumbwi, nasi abiria wa kwenda Mwaya tulikaa tumekunja magoti kama wafungwa. Mzee mmoja aliyejitaja kwa jina la Lutengano, ambaye hakumjua mama huyo hata kidogo, alikuwa akimlalamikia tangu tuondoke.

"Kiboko amemaliza migomba yangu, mama. Zamani vijana wa rika moja wangetoka na mbwa na mikuki, kesho yake tunagawana nyama. Sasa Mdachi anataka kibali cha kuwinda. Vijana wamechoka kukaa bure, wanahama mmoja mmoja."

"Mimi sheria hiyo naishukuru," alisema Marita, mkono juu ya chungu kikubwa. "Mume wangu alikwenda na mkuki, akarudishwa amebebwa kwenye mkeka. Nyama niliyogawiwa siku ile sikuila."

Nikadhani hapo tumepata amani. Wapi!

"Pole, mama. Na watoto?"

"Wa kiume wawili. Nashukuru, hakuna aliyeshika mkuki."

"Wako nyumbani?"

Marita alivipanga upya vyungu ambavyo vilikuwa vimepangwa vizuri. "Walichukuliwa kubeba mizigo ya serikali. Mwaka jana."

"Na wangu pia," alisema mzee.

Mtumbwi ukagonga matope. Nyayo mbichi za kiboko zilitoka majini, zikapanda moja kwa moja kuelekea mashambani. Lutengano alimbebea Marita chungu kikubwa, akashukuriwa kwa Kinyakyusa, "Ndaga, baba," kisha wote wawili wakazifuata nyayo, kwa sababu njia ilikuwa hiyo hiyo moja.