Jumapili ya Kwanza ya Mzee Jumapili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, king'ora cha jioni kikilia, fundi wa mashine namba mbili atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Amekitumikia kiwanda chetu cha kuchambua pamba kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imenipa mimi, dereva wa lori la marobota ya pamba, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu nimetembea, nimevuka mipaka ambayo wengine mnaiona kwenye ramani tu, na mdomo wangu hauna breki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwavunja mbavu. Mengine yamo humu. Mengine nimeyafuta tangu Jumanne iliyopita, na mtaona kwa nini.

Alianza kama mpakiaji, kijana mwembamba kiasi kwamba robota lilionekana linamkumbatia yeye. Hakukaa sana kwenye kupakia. Msimamizi wa wakati ule aligundua kwamba huyu bwana anasikia kijiwe kilichojificha ndani ya pamba kabla hakijafika kwenye misumeno ya mashine. Akakabidhiwa namba mbili, na hapo ndipo alipozeekea.

Mwaka ule cheche iliporuka kwenye mashine, yeye ndiye aliyenusa moto kabla hatujaona moshi. Aliitoa pamba iliyokuwa inaungua kwa mikono yake, akatokea mlangoni mweupe mwili mzima, hadi kope. Mama wa kantini akadhani mzimu umekuja kudai chai, akakimbia na mwiko mkononi hadi barabara kuu. Kiwanda kilipona. Mwiko haujaonekana mpaka leo.

Sasa niwaeleze hilo jina lake la Mzee Jumapili. Sote tunaoingia mle ndani tunakijua kifua cha Jumatatu. Unapumzika Jumapili, Jumatatu unaingia kazini mzima kabisa, ikifika mchana kifua kinabana kana kwamba mtu mnene amekikalia na hana haraka ya kuondoka. Unakohoa, unahema. Ikifika Jumatano kinalegea, unasahau. Tulisema ni bia za Jumapili. Karani wa mizani, mtu wa ibada asiyejua hata harufu ya bia, naye akakohoa, basi tukakubaliana kwamba huyo anakunywa kwa siri.

Mzee akafikiri kivyake. Katikati ya wiki kifua kizuri, Jumatatu kibaya, kwa hiyo mkosaji ni Jumapili. Mapumziko ndiyo yanayoharibu kifua! Akayafuta mapumziko. Kila Jumapili akaja, akaomba ufunguo getini, akafagia chini ya namba mbili na kuikung'uta mpaka chumba kizima kikawa ukungu. Jumatatu wenzake wakikohoa, yeye anapita akipiga mluzi. "Vumbi la pamba ni dawa, watani zangu," alikuwa akisema. "Ukilikosa siku moja tu, linakuadhibu." Tukambatiza Mzee Jumapili. Uongozi ukampa cheti na saa ya ukutani kwa kuipenda kazi hata siku ya mapumziko. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Vijana wawili watatu wakaanza kumfuata, nao wakaacha kupumzika.

Jumanne iliyopita nilimpeleka hospitali, yeye na mke wake, kwa vile kila anayestaafu lazima apimwe. Daktari alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wangu. Akampa Mzee mrija wenye kipimo, akamwambia apulize kwa nguvu zake zote. Mzee akapuliza. Mshale ukajitikisa kidogo, ukalala. Akapuliza tena, ukalala palepale.

"Binti yangu, kidude chako kibovu hiki," akasema. "Ngoja nikakiletee bisibisi."

Nikamwambia daktari anipe mimi, ninayejulikana kote kwamba naweza kujaza tairi kwa mdomo. Akanibadilishia mrija. Nikapuliza mpaka macho yakataka kutoka. Mshale ulimpita Mzee, lakini haukufika hata karibu na pale unapotakiwa kufika. Kumbe na mimi, ninayelala juu ya marobota nikisubiri zamu ya kupakia! Daktari hakucheka. Alisema, "Baba, na wewe kaa hapo."

Tukakaa kama watoto waliovunja kioo. Akatueleza kwamba vumbi la pamba linabana njia za hewa. Ukilivuta kila siku mwili unachoka kulalamika, unanyamaza. Ukipumzika unazinduka, na ukirudi Jumatatu unapiga kelele. Zile kelele ndizo zilizokuwa msaada wetu. Mimi dereva nilielewa pale pale: taa nyekundu ya oili inawaka kwenye dashibodi, na Mzee, kila Jumapili, amekuwa akichomoa waya wa taa na kuendelea na safari. Na sisi tumempa saa ya ukutani kwa kuchomoa waya.

Hapo mke wa Mzee, shemeji yangu, akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba mume wake analala ameketi, mgongo ukutani, huu mwaka wa pili. Akilala chali anakosa hewa. Yeye alidhani ni uzee. Mzee akatazama viatu vyake.

Kamati, nayo, ilikuwa imeshashonesha zawadi: godoro nene la pamba, pamba iliyopita kwenye mashine yake mwenyewe. Mzee alipoliona alicheka, akakohoa, akacheka tena mpaka akashika meza. Godoro limeondolewa. Atapewa kiti cha kuegemea, kipana, ambacho mtu anaweza kulalia akiwa ameketi.

Meneja naye, aliposikia maneno ya daktari, alipanda ngazi mwenyewe kuitazama feni ya kufyonza vumbi iliyo juu ya namba mbili, ile iliyokufa siku nyingi kiasi kwamba njiwa wamezalia humo hadi vitukuu. Akashuka. Ameahidi kwamba mashine haitawashwa mpaka feni izunguke, na kwamba sote tutapuliza ule mrija, karani wa mizani akiwa wa kwanza, maana tunapaswa kumwomba karani msamaha. Ahadi nimeiandika hapa, ili bwana meneja aisome akiwa meza kuu, mbele ya wake zetu.

Limebaki moja. Daktari anasema pumzi iliyopotea hairudi yote, ila iliyobaki inaweza kutunzwa, mradi Mzee asiingie tena mle. Na mwenyewe juzi kaninong'oneza kwamba Jumapili hii atapita kidogo tu, aiage mashine. Mlinzi wa geti, umesikia: hata akija na karanga na tabasamu, ufunguo hauonekani. Sisi sote tutakuwa nyumbani kwake tangu asubuhi, na mimi nitakaa mlangoni. Kwa mwili huu, hapiti mtu.

Mzee Jumapili, asante kwa kiwanda ulichokiokoa, kwa masikio yako, kwa mluzi wako. Tunakutakia pumzi, nyingi na ndefu, wewe na shemeji. Jumatatu ukiamka usitukimbilie kazini. Tupigie simu tu, utuambie umelala vipi.