Mama Matawi na Matumbo ya Kiangazi

Kila mtu hapa kituoni anaisimulia vibaya habari ya Mama Matawi, na wale wa ofisini ndio wameiharibu kabisa. Nisikilizeni mimi, dereva wa gari la malisho, tena dereva ambaye hajawahi kupinduka hata siku moja. Miaka thelathini na moja mama huyu amelisha wanyama wetu wa porini, na tarehe thelathini mwezi huu anastaafu.

Kazi yake mmeiona. Asubuhi anaokota kinyesi cha tandala, anakivunja, anakinusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Halafu ananituma: leo lete magome, kesho matawi ya miiba. Mimi nani nibishe?

Mwaka ule wa ukame, tandala wetu tisa walibaki mbavu. Daktari mgeni, vyeti vimemjaa hadi mfukoni, akaagiza wapewe pumba za mahindi, ndoo kwa ndoo. Mama Matawi akagoma.

"Mwanangu, tumbo la tandala kiangazi si lile la masika. Vijidudu vya kusaga majani mabichi vimepungua humo, vimebaki vya kusaga vijiti. Ukimjazia pumba ghafla zinachacha, anakufa ameshiba!"

"Haya mama, walishe utakavyo. Ila akifa hata mmoja, kazi huna."

Akaanza na matawi na konzi moja ya pumba, kila siku anaongeza kidogo. Siku ya nne, mlinzi akaona huruma, akammwagia jike mmoja ndoo nzima. Tumbo likavimba kama puto. Daktari akaja mbio, anauliza nani kalisha.

"Hapa anayelisha ni mimi," Mama Matawi akajibu, basi.

Akamnywesha yule jike mafuta ya kula, akamsugua ubavu mpaka alasiri, sisi macho yametutoka. Mara jike akapiga mbweu moja, kofia ya daktari ikaruka! Kisha akaanza kucheua taratibu. Mvua ilipokuja wote tisa walikuwa hai, na daktari akawa anamfuata mama na daftari kama mkwe mpya.

Mama Matawi, dada yangu, asante. Nenda kalale mpaka jua likuchoke, unuse maua sasa, na afya isikupungukie.

Ila kabla hujaondoka, niseme. Yote haya ni kweli, hata hiyo kofia. Mlinzi tu ndiye nimemsingizia. Ile ndoo niliimwaga mimi, na wewe ulijua siku ileile.